Bibo Ule, Korosho Uiache

Huko Makote, wilaya ya Newala, mpita njia mwenye njaa haombi ruhusa ya kula bibo. Anaokota tunda chini ya mkorosho wowote na kufyonza maji yake. Korosho yenyewe anaing'oa na kuiacha shinani, kwa sababu ni ya mwenye shamba. Mtu mzima hakumbushwi jambo hilo. Asiyelijua huonekana hakulelewa.

Ladislaus, au Baba Oliva kama wengi walivyomwita, alilelewa hivyo. Shamba lake lilikuwa kando ya njia ya kwenda bondeni kuchota maji. Kila asubuhi mkewe Agatha alitandaza korosho juani uani. Mama yake Ladislaus, Bibi Josephina, alikaa kwenye kigoda akizigeuza na kufukuza kuku. Bibi huyu alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Uso wake ulikuwa na chale za Kimakonde, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Alichanjwa akiwa msichana, na uzeeni bado alizijivunia.

Msimu wa mwaka 1993 mambo yalibadilika. Serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi, na malori yao yalipanda kutoka Masasi karibu kila siku. Korosho ikapata wateja wengi. Wezi nao hawakubaki nyuma. Jumapili moja familia ilirudi kutoka kanisani ikakuta magunia mawili hayapo.

Hakuna aliyemwona mwizi. Hata hivyo, kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimeshamjua. Walisema ni Wamavia. Hilo ni jina walilopewa Wamakonde wa Msumbiji waliokimbia vita vya kwao. Walifanya vibarua mashambani, na wengi wao walikuwa na chale usoni. Ushahidi haukuwepo. Chale zilitosha. Bibi Josephina alisikia maneno hayo yote, akaendelea kugeuza korosho.

Ladislaus aliziba njia ya shambani kwa miiba. Akaazima gobole kwa binamu yake, akaliegesha nyuma ya mlango likiwa limeshindiliwa baruti. Aliapa kwamba Mmavia atakayeonekana chini ya mikorosho yake hatarudi alikotoka. Agatha alimjua mumewe. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kutimiza neno. Mwizi alimtia Agatha hasira. Gobole lilimtia hofu.

Wiki ile dada yake Agatha alifika kutoka Lulindi. Aliitwa Getrude, na alikuwa muuguzi. Kanisa lilikuwa limempeleka Marekani kusoma kwa miaka miwili. Aliliona gobole alipoingia, akangoja hadi walipomaliza kula ugali. Kisha akamuuliza shemeji yake linasubiri nani.

Ladislaus alieleza habari ya magunia. Akaongeza kwa utani kwamba hata Marekani kila mtu ana bunduki. Alikuwa ameona kwenye banda la video pale Masasi. Matajiri wale wasingekuwa nazo kama hazifai.

Getrude hakucheka.

"Shemeji, nilipanga kwa mwalimu mmoja, mama mweusi. Alikuwa na mpwa wake, Curtis, kijana wa chuo. Siku moja gari lilimharibikia njiani, mvua inanyesha. Akaenda kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona, akabisha mlango aombe msaada."

"Ikawaje?"

"Mwenye nyumba alikuwa Mzungu. Alichungulia dirishani, akaona kijana mweusi. Hakuuliza. Alipiga risasi mlango ukiwa umefungwa. Curtis alifia barazani."

Agatha aliweka bakuli chini. Ladislaus aliuliza kama mtu yule alinyongwa au alifungwa.

"Alirudi kwake siku ile ile kesi ilipoisha," Getrude alisema. "Aliiambia mahakama kwamba aliogopa. Woga wake ukawa ndio ushahidi. Woga wa Curtis hakuna aliyeuulizia."

Ladislaus hakuelewa. Nchi ina taa hadi vichochoroni, ina askari wenye magari, watu wake wanaogopa nini? Getrude akamweleza polepole, kama anavyowaeleza kina mama kliniki.

Alisema woga ule ulianzia kwenye utumwa. Wenye mashamba waliwafunga watu weusi na kuwapiga. Anayemtesa mwenzake huogopa siku ya kulipizwa. Basi wakaweka doria na sheria za kuwabana wale wale waliowaonea. Utumwa ulikwisha, woga ukabaki. Watu weusi wakatengwa: mitaa yao mbali, shule zao mbali, kazi nzuri wakanyimwa. Watoto wakakua bila kujuana, na usiyemjua ni rahisi kumwogopa. Watu wakanunua bunduki ili wawe salama. Bunduki zilipozidi, vifo vikazidi. Vifo vilipozidi, watu wakanunua bunduki nyingine. Hata baadhi ya askari wakazoea kumtazama mtu mweusi kama mhalifu kabla hajafungua mdomo.

"Wazungu wote wako hivyo?" Agatha aliuliza.

"Hapana. Wapo waliokuja kumzika Curtis, na waliandamana pamoja nasi. Lakini watu wema hawatoshi kama sheria inaukubali woga." Getrude akamgeukia Ladislaus. "Sisi wa Masasi tuna mababu waliokombolewa utumwani. Walipofika hapa hawakujulikana na mtu. Kama wenyeji wangewapokea kwa magobole, mimi nisingezaliwa, na wewe usingekuwa na shemeji wa kukusumbua."

Ladislaus alitabasamu kidogo, lakini gobole hakuliondoa. Alisema Marekani ni mbali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo alivyokuwa.

Siku ya tatu baada ya mazungumzo hayo, saa tisa alasiri, mbwa alibweka. Ladislaus alitazama shambani. Mwanamume alikuwa ameinama chini ya mkorosho mkubwa. Aliruka miiba vipi, haikujulikana. Ladislaus alichukua gobole akatoka, Agatha akamfuata huku akimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alipofika hatua ishirini, mtu yule aliinua uso. Ulikuwa umejaa chale. Mkononi alishika korosho.

Ladislaus aliinua gobole. Kidole kilikuwa tayari mahali pake. Hapo akakumbuka mlango uliofungwa, na mtu aliyepiga bila kuuliza.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Ambrosi. Nimekula bibo, sijapata maji tangu asubuhi." Mtu yule alionyesha korosho mkononi. "Naweka korosho yako."

Akaiweka shinani, taratibu, bila kuondoa macho kwenye gobole. Pale shinani zilikuwepo korosho nyingine saba, zimepangwa vizuri pamoja.

Ladislaus alishusha gobole. Akakaa chini kwenye majani.

Bibi Josephina alikuwa amejikongoja hadi pale. Alimsalimia Ambrosi kwa Kimakonde, akamuuliza ukoo wake na kijiji chake, akamwambia aende nyumbani akapewe maji. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Chale zake na zangu zilichanjwa upande mmoja wa mto," alisema. "Kama ningekuwa mimi nimepita kwa watu nisiowajua, ungetaka wafanye nini?"

Ladislaus alilia mbele ya mkewe na mbele ya mgeni, na hakujificha.

Kesho yake alitoa baruti, akamrudishia binamu yake gobole. Aliichoma miiba. Kwenye mkutano wa kijiji alisimulia kosa lake mwenyewe, na kisa cha Curtis. Wanakijiji walikubaliana kulinda mashamba kwa zamu, wenyeji pamoja na wageni, bila silaha za moto. Kila anayepita asalimiwe na kuulizwa aendako, awe na chale au asiwe nazo. Atakayeshukiwa apelekwe kwa mwenyekiti akahojiwe, asihukumiwe njiani. Ambrosi alipangwa zamu moja na Ladislaus.

Mwizi wa magunia mawili hajulikani hadi leo. Huenda alikuwa Mmavia, huenda alikuwa jirani. Msimu ule hakuna gunia jingine lililoibwa Makote, na hakuna aliyezikwa kwa sababu mtu aliogopa.

Zile korosho nane za shinani Bibi Josephina hakuzichanganya na nyingine. Alizikaanga siku Ambrosi alipoalikwa chakula, akamwekea yeye wa kwanza.