Jabutikaba Nyeupe ya Bibi Zulmira

Kila siku akitoka shule, Jandira alikuwa na njia yake. Hakupita mlangoni kwao kama watu wengine. Alirusha mkoba juu ya ukuta, akapenya kwenye pengo la ua, akaibukia nyuma ya nyumba ya Bibi Zulmira, jirani yao wa juu ya kilima. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Oktoba mjini Sabará mtoto mwenye akili hangoji chakula cha mchana. Anakula jabutikaba mpaka tumbo linamwambia basi.

Jabutikaba ni tunda la duara, kubwa kidogo kuliko zambarau, na halining'inii kwenye matawi kama matunda yenye adabu. Linabanana kwenye shina lenyewe, kuanzia chini karibu na mizizi mpaka juu, utadhani mti umetoka vipele. Miti yote ya mji huo ilizaa jabutikaba nyeusi. Mti wa Bibi Zulmira peke yake ulizaa zile zinazoitwa nyeupe, ingawa ganda lake ni la kijani, na kijani hicho hakibadiliki hata tunda likiiva na kuanguka. Wavulana wa mtaa, waliokuwa wezi wa matunda wa kuogopwa, waliupita kila mwaka wakisubiri matunda yawe meusi. Walisubiri mpaka ndege wakayamaliza.

Jandira hakusubiri. Bibi Zulmira alimwambia siri hiyo alipokuwa mdogo, akamwonya: "Ukimwambia mtu, nitakushona mdomo kwa uzi wa gunia."

Siku hiyo bibi alikuwa amekaa kwenye kiti jikoni, goti lake bovu juu ya kigoda. Baba yake Jandira, Mzee Aristeu, fundi mwashi, alikuwa anapima ua kwa kamba.

"Nyumba nimeiuza," bibi alisema bila kumtazama mtoto. "Goti limekataa vilima vya mji huu. Mwanangu ananipeleka jiji la Belo Horizonte, nikaishi ghorofani kama njiwa."

"Na mti?"

Aristeu ndiye aliyejibu. "Mwenye nyumba mpya anataka gereji, Jandira. Gari haliegeshwi juu ya mti."

Jandira aliutazama ule mti, kisha akamtazama baba yake kwa macho makavu. "Basi nitaotesha mwingine kwa mbegu."

Aristeu alicheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. "Kwa mbegu! Mwanangu, jabutikaba ya mbegu inakaa miaka kumi, kumi na mitano, haijazaa. Utakuja kuila huna meno. Panda letusi, angalau mwezi ujao tutaila."

"Letusi panda wewe, Baba."

Bibi Zulmira hakucheka. Alisema mume wake marehemu aliuleta mti ule ukiwa mche mdogo ndani ya kopo, walipooana. Hajapata kuona mwingine wa namna hiyo mji mzima. Ukikatwa huo, basi. Akamshika Jandira mkono kwa nguvu. "Uniahidi."

"Nakuahidi, Bibi."

Bibi alipoondoka, Jandira alijaza bakuli, akafyonza utamu wote, akatoa mbegu. Kisha akafanya kama wanavyofanya watu wote wa mji huo. Kwao maharage, mahindi, mbegu za maboga, hata kahawa, vyote huanikwa juu ya paa la zege mpaka vikauke kabisa. Akazianika mbegu za jabutikaba pembeni ya maharage ya mama yake, jua likazipiga, kisha akazipanda kwenye makopo ya rangi ya baba yake. Hakumwuliza mtu. Watu walikuwa wamemcheka, naye hakutaka kuwapa nafasi ya kumcheka tena.

Binamu yake Valdeci alikuwa akija kila jioni kuchungulia makopo. "Umepanda kokoto? Mwagilia saruji kidogo, labda itaota nyumba."

"Toka hapa."

Hakuna kilichoota. Kila Jumapili baada ya misa bibi alipiga simu. Mara mbili Jandira alijibu, "Bado." Mara ya tatu, Valdeci akiwa amesimama mbele yake anakenua meno, mdomo ukamtangulia.

"Zimeota, Bibi! Zote."

Bibi alishangilia kwenye simu mpaka akakohoa. Siku hiyo matunda ya mwisho yalikuwa bado mtini. Wiki iliyofuata mvua kubwa iliyaangusha, na Jandira alikuwa bado anadanganya. Kila Jumapili miche iliongezeka kimo, ikaota majani, mmoja ukapata jina. Makoponi mlikuwa na udongo mtupu. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, lakini yake ilirefuka mpaka ikafika Pasaka, maana Pasaka ilipokaribia bibi alisema, "Nakuja kuiona miche yangu."

Jandira hakulala vizuri wiki hiyo. Valdeci, ambaye ushauri wake haukuwahi kumfaa mtu, alikuja na ushauri. "Chimbua mche wa pitanga, weka kwenye kopo. Majani yanafanana. Bibi mwenyewe haoni vizuri."

Pitanga ni kitunda chekundu kinachoota chenyewe kila ua. Jandira alichimbua mche, akaupanda kwenye kopo, akaona aibu, akaumwagilia hata hivyo.

Bibi Zulmira alifika na fimbo, akaketi, akapakata kopo. Alipapasa majani taratibu kwa vidole vilivyopinda. "Angalia," alisema. "Mzee wangu angefurahi." Machozi yakamlengalenga.

Hapo Jandira alishindwa. Uongo wa kwenye simu aliuweza, lakini kuyatazama macho yale hakuweza.

"Siyo wenyewe, Bibi. Ni pitanga. Zile mbegu hazikuota hata moja. Nimekudanganya tangu mwaka jana." Alisema kwa sauti kubwa, kidevu juu, kama mtu anayetukana, maana alikuwa karibu kulia.

Bibi aliweka kopo chini. "Pitanga ina harufu, mtoto. Nimeinusa nilipoingia mlangoni. Nilikuwa nangoja nione utasema lini." Akamkazia macho. "Mbegu ulizifanyaje?"

"Nilizianika zikauka vizuri kabisa."

"Maskini weee! Mbegu ya jabutikaba haianikwi! Ikikauka imekufa. Unaitoa mdomoni, unaiosha, unaizika siku hiyo hiyo, udongo mbichi." Akagonga fimbo sakafuni. "Ungeniambia ukweli ile Jumapili, matunda yalikuwa bado yapo. Ningekwambia upande upya. Uongo wako umekula msimu mzima."

Jandira aliinamisha kichwa. Hilo lilimuuma kuliko kucharazwa. Kisha akakiinua tena. "Baba bado hajaukata mti. Hakuna namna?"

"Mti ule ni mlevi wa maji. Mzee wangu alikuwa akiumwagia ndoo kwa ndoo wakati wa kiangazi, nao ukazaa nje ya msimu. Lakini ni kazi ya punda."

"Mimi ni punda," alisema Jandira.

Jioni ile alimkabili baba yake. Mvua zilikuwa zimeahirisha ujenzi, na Aristeu alikuwa aanze kazi wiki hiyo.

"Anzia mbele, Baba. Ukuta wa barabarani kwanza, mti uwe wa mwisho."

"Sasa wewe ndiye fundi?"

"Nitakubebea maji ya saruji bure. Yote."

"Sawa, nitaanzia mbele. Lakini sitachelewesha kazi ya mtu kwa ajili ya matunda. Siku yangu ya kufika kwenye mti ikifika, nakata. Na sitaki kuona machozi."

"Hutayaona."

Maji ya ile nyumba yalikuwa yamekatwa, kwa hiyo alichota kwao na kupandisha kilima. Ndoo ya saruji, ndoo ya mti, ndoo ya saruji, ndoo ya mti. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Wapita njia walimwuliza kama anamwogesha bwana harusi. Valdeci alikaa ukutani akihesabu maji yanayomwagika. Siku moja Jandira aliteleza, ndoo ikabingirika mpaka chini kabisa. Alishuka, akaijaza, akaanza kupanda tena. Valdeci aliruka kutoka ukutani.

"Lete hiyo ndoo nyingine. Unanichosha kukutazama."

Ukuta wa mbele uliisha, msingi ukachimbwa, na Aristeu akawa anausogelea mti kila siku. Ndipo asubuhi moja ya baridi shina zima likawa jeupe kwa maua, kama limepakwa povu la sabuni. Jandira alipiga kelele mpaka baba yake akadhani ameumia. Maua yakaanguka, vitunda vikatokea, vikanenepa. Siku ile Aristeu alipokuja na msumeno, vilikuwa vimejaa shina, vya kijani.

"Pole, mwanangu," alisema, na alimaanisha. "Hazijaiva. Siwezi kungoja ziwe nyeusi."

"Haziwi nyeusi kamwe!" Alichuma moja, akamtia baba yake mdomoni. Aristeu aliuma, akasimama pale pale na msumeno wake, juisi ikimtiririka kidevuni.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "nimepita hapa nikingoja."

Walichuma mpaka ya mwisho, mtaa mzima ukaja kula, kwa sharti moja: mbegu zote ziingie kwenye bakuli la maji la Jandira. Alizizika mchana ule ule. Kisha mti ukakatwa. Jandira alisimama akautazama ukianguka, akiuma meno, na machozi hayakuonekana, maana aliyafutia kwenye bega la Valdeci.

Safari hii hakumficha mtu kitu. Bibi alipouliza, alijibu, "Bado," na tena, "Bado," na Valdeci akacheka alivyotaka. Mpaka ikafika Jumapili aliyosema, "Zimeota," na kuweka simu karibu kabisa na kopo, kana kwamba bibi angezisikia.

Bibi Zulmira alikuja na mwanawe kwa gari. Alipapasa miche mmoja mmoja, akainusa. Kisha akamwita Jandira karibu.

"Nisikilize, kichwa kigumu. Ukaidi si kitu kibaya. Uliulinda uongo wako kwa ukaidi, ukakosa msimu. Ukaubeba ukweli wako kwa ukaidi ule ule, na ndoo juu yake, ukapata hii. Anayesema 'nimeshindwa' mapema bado anaweza kusaidiwa. Anayeficha hakuna wa kumsaidia, hata kama amezungukwa na watu wanaojua."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Nipe huo mnene."

Mwanawe aliguna. "Mama, tunaishi ghorofa ya tisa. Na Mzee Aristeu anasema ni miaka kumi na mitano mpaka mti uzae. Wewe sasa una themanini na moja."

Bibi Zulmira alipakata kopo lake, akavuta mlango wa gari.

"Ndiyo maana nina haraka," alisema. "Washa gari."