Mguu wa Kibonge

Fundi cherehani alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka miwili. Mtaa mzima ulimwita Kibonge, na yeye, mama mtu, alijivunia jina hilo. Mashavu yalijaa, miguu ilijaa. Viatu vya mwezi uliopita vilikuwa vimeshagoma kuingia.

"Mwanangu ananona kwa supu," aliwaambia wateja huku akikanyaga cherehani. "Nyama ina nini? Nguvu yote iko kwenye supu."

Ndivyo walivyokula. Nyama ikiiva, vipande vyote vilikwenda kwa baba, maana yeye ni mwashi, hubeba matofali kutwa. Supu ilimiminwa kwenye uji wa Kibonge. Maharage? Yatamjaza gesi. Mayai? Eti yatamchelewesha kusema. Maneno ya mtaani hayana mwenyewe, lakini wafuasi yanao tele.

Asubuhi moja jirani yao, mhudumu wa afya, alikuja kujaribu sare yake. Kibonge alikuwa mkekani, kimya, hana habari na mtu. Mhudumu akaacha sare. Akainama, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akahesabu hadi tatu, akaachia.

Shimo likabaki.

Fundi aliliona kwa macho yake. Nyama ya mguu ilibonyea kama unga uliokandwa, wala haikurudi. Mkasi ukamponyoka mkononi.

"Jirani, hiki ni nini?"

Mhudumu akabonyeza mguu wa pili. Nao vilevile. "Dada, huyu hajanona. Amevimba. Haya ni maji."

"Maji? Mimi ndiye ninayemshonea nguo! Nitakosaje kujua?"

"Vipimo vyake unavyo?"

Alikuwa navyo kwenye daftari, vya gauni la miezi sita nyuma. Akachukua futi yake, akaizungusha kwenye mkono wa Kibonge, juu ya kiwiko. Akasoma. Akasoma tena. Wakati ule mkono ulikuwa inchi sita. Leo ni inchi nne na nusu.

"Mungu wangu! Mtoto ananiyeyukia, na mimi nasifu miguu!" Akaketi chini akilia.

"Utalia baadaye. Mbebe twende hospitali sasa hivi. Hali hii inaua."

Kibonge alilazwa siku hiyohiyo kwa utapiamlo mkali. Akaanza kupewa maziwa maalumu, kidogo kidogo. Baba alifika mbio, saruji bado imemganda mikononi.

"Lakini supu anakunywa kila siku!" alisema.

"Supu ina ladha, shemeji," mhudumu alimjibu. "Protini, yaani ile inayojenga mwili, nyingi imebaki kwenye nyama. Na nyama umekula wewe."

Baba aliitazama mikono yake yenye saruji.

"Na mimi ninayebeba matofali?"

"Ziada haikuongezei msuli. Kila mlo, wewe kula kinachojaa kiganja chako, mtoto ale kinachojaa kiganja chake. Si lazima nyama. Yai, samaki, maharage, karanga zilizosagwa, vyote vinajenga. Mpondee viwe laini. Na uji au viazi visikosekane, la sivyo mwili utaichoma hiyo protini kama kuni."

"Na yai halitamchelewesha kusema?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Maiti ndiye hasemi, dada."

Fundi akamsogezea Kibonge kikombe cha maziwa.

Baada ya wiki tatu walirudi nyumbani. Uvimbe ulikuwa umekwisha, na miguu ilikuwa myembamba. Mteja mmoja akashika kiuno. "He! Mbona umemkondesha mtoto?"

"Yaliyotoka ni maji," fundi alijibu. "Kunona ndiyo kwanza anaanza."

Akaanza kweli. Mayai alikula, maharage alikula, na maneno yakamtoka kama cherehani. Mchana mmoja alimaliza samaki wake, akajongea hadi kwa baba, akakwapua kipande sahanini.

"Changu!" alisema.

Mwashi alimtazama, machozi yakamlengalenga. Akamsogezea sahani yote.

"Chako, mama," alisema. "Kula."