Tausi wa Kioo wa Kensington

Tausi aliyekaa mlangoni zaidi ya miaka mia alikuwa ameruka.

Ijumaa hiyo ya Julai 2017, saa tisa alasiri, Bi Tabia na mpangaji wake, Bi Biubwa, walirudi mtaani kwao Kensington kutoka msibani mtaa wa La Rochelle, ng'ambo ya jiji. Waliingia kwa mlango wa jikoni, maana baraza ya mbele ilikuwa mbichi kwa polishi. Ukumbini wakapokewa na baridi: ubavuni mwa mlango mkuu, penye kioo cha rangi chenye picha ya tausi, palibaki tundu. Hakuna kilichovunjwa. Kioo kilibanduliwa taratibu, kwa ndani.

Bi Tabia akaketi palepale sakafuni. "Nimekwisha, shoga. Kesho kamati ya nyumba za kale inakuja."

Nyumba aliijenga mhandisi wa migodi mwaka 1911, ikapita kwa mwoka mikate Mreno, ikaja kwa marehemu mumewe. Tausi ndiye aliyeipa jina. Akiwepo, kamati ingepiga kibao cha nyumba ya kihistoria na hakuna ambaye angethubutu kuibomoa. Asipokuwepo, mjenzi wa maghorofa aliyekuwa akiinyemelea angepata upenyo, na vikongwe wawili wangetafuta pa kulala.

Naseeb, mtoto wa kaka yake Bi Tabia, alifika haraka kuliko polisi. "Shangazi, mnahangaika nini? Ukiniondoa mimi, mwenye funguo zenu ni mlinzi Pitchou tu. Hawa Wakongo!"

Pitchou akaja na buti zake za kamba ndefu. "Mama, miye niko mulinzi, siko mwizi. Nilienda pale kwa robot, kwa ile mataa ya barabara, kusukuma gari ya watu iliyokufa."

"Kwa hiyo geti uliliacha!" Naseeb akadakia.

"Eish, kidogo tu, papa."

Bi Biubwa hakuwasikiliza. Alikuwa ameinama mlangoni, mkono kiunoni, akiitazama baraza. Asubuhi aliipaka polishi nyekundu, nzito, na baridi ya Julai huku kusini mwa Afrika huichelewesha kukauka. Nyayo zilikuwepo, za kwenda na kurudi: duara la kisigino, vidole vilivyofifia. Alama ya soli haikuwepo hata moja.

"Polisi wana foleni yao," akasema akijinyoosha. "Tunywe chai ya tangawizi, mifupa inagongana."

Wakavua viatu mlango wa jikoni, wakaketi mkekani. Pitchou alihangaika na kamba zake, akaibuka na soksi mbili kila mguu. Naseeb alikuwa peku.

"Mwanangu, baridi hii, soksi umemwachia nani?"

"Zimelowa, bibi. Nilikuwa natawadha, msikitini Fordsburg."

"Masikini. Na barazani leo hukupita?"

"Wallahi sijakanyaga. Nimepita huku jikoni, nyote mmeniona."

Bi Biubwa akainuka kama anayefuata sukari. Akarudi na kiatu cha Naseeb, akakiweka katikati ya vikombe kama bakuli la halua.

"Shoga, tazama. Soli safi kama sinia. Sasa chungulia ndani."

Ndani kulikuwa kwekundu.

"Mama yako alikulea, Naseeb, sina la kumlaumu. Umekuja kuiba, lakini mguu ukakataa kuingia nyumba ya watu na kiatu! Ukavua chini ya ngazi za baraza, ukakanyaga polishi kwa soksi, ukarudisha miguu kiatuni. Soksi ukazitupa, kiatu ukakisahau. Mwenye buti angepita na buti zake. Kuzivua tu ni safari ya Lubumbashi."

"Kweli, mama," Pitchou akasema, "ni mbali sana."

Bi Tabia hakucheka. "Fungua gari lako."

Tausi alikuwa nyuma ya gari, amefungwa blanketi, mzima hadi unyoya wa mwisho.

"Mjenzi aliniahidi fleti, shangazi," Naseeb akanong'ona. "Kibao kikikosekana, ungechoka, ungeuza. Ningekutunza."

"Ungenitunza wapi, kwenye lifti? Pitchou, wewe ndiye uliyeitwa mwizi. Hukumu yako."

Pitchou akawaza. "Arudishe tausi. Halafu aombe samahani kule kwa geti, kwa sauti, watu wasikie."

Mtaa mzima ulisikia. Mama mmoja wa upande wa pili alitaka arudie, eti hakupata mwanzo.

Jumamosi saa nne kibao kilipigwa ukutani, Bi Tabia akapiga vigelegele hadi wanakamati wakaziba masikio. Gari jeusi la mjenzi likapita polepole, likasimama, dirisha likashuka.

Bi Biubwa akampungia mkono. "Karibu ndani, baba! Nyumba yetu sasa ni ya kutazama tu."