Kizingiti cha Ngomeni

Kuku ndio waliotambua kwanza. Siku zote walikuwa wakiingia nyumbani kwa Mwishehe bila haya, wakipita sebuleni kama wenye nyumba, na mtetea mmoja mwekundu alikuwa hataki kutagia pengine isipokuwa chini ya kitanda cha Chausiku, mke wa Mwishehe. Asubuhi ile walifika mlangoni wakasimama. Walikaa mbele ya kizingiti kipya, shingo juu, kimya, kama watu waliokuja msibani wakawa wanangoja kukaribishwa. Chausiku aliwatupia chuya za mchele kule ndani. Hawakuingia. Akamkamata yule mtetea akamtia ndani kwa mkono wake. Ndege alipiga kelele ya kuchinjwa, akajigonga kuta zote, akaukimbilia mlango uliokuwa wazi lakini asitoke. Jioni walimkuta amekufa nyuma ya mlango, hana jeraha.

“Kideri hicho,” alisema Mwishehe. “Wafungie wengine.”

Chausiku alikuwa na mimba ya miezi tisa, ya tatu, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hakutaka kuwaza habari ya kitu kilichokufa ndani ya nyumba yake.

Mwishehe alikuwa kuli wa bandarini, Mzaramo mrefu mwenye mabega ya kubebea magunia. Nyumba yao ilikuwa Temeke, ya miti na udongo, paa la makuti, mlango mmoja tu kwa sababu wa uani alikuwa bado hajautoboa. Mvua za masika zilikuwa zimekula udongo wa mlangoni hata maji yakawa yanaingia mpaka kitandani. Basi mwaka ule wa arobaini na saba makuli walipogoma, naye akakaa bila kazi, alisema heri atafute jiwe zuri aweke kizingiti kabla mtoto hajaja.

Jiwe alilipata ng'ambo ya mto Kizinga, juu ya kilima walichokiita Ngomeni kwa Sefu. Kulikuwa na ngome ya kale huko, kuta za matumbawe zilizoota mivumo na nyasi, zimebaki kimo cha mtu, pengine kimo cha wawili. Wengine walisema Wareno ndio walioijenga. Wengine walisema ni Mwarabu mmoja, Sefu, mfanya biashara ya pembe. Mjerumani alitaka kuweka baruti mle wakati wa vita, lakini askari wake walikataa kulala ndani, wakapiga mahema nje kwenye mvua. Mwingereza alipokuja aliichora kwenye ramani, akashuka zake. Watu wa chini ya kilima walipanda kukata kuni na kuchunga mbuzi. Jiwe hawakuchukua, hata la kuegemeza chungu.

Mwishehe alipanda na jirani yake Gaspar, Mpogoro wa Mahenge, kuli mwenzake. Langoni palikuwa na jiwe moja refu, limechongwa vizuri, limelika katikati kwa nyayo za watu.

“Mawe yamejaa tele hapa,” Gaspar alimwambia. “Kwa nini hilo la mlangoni?”

“Si kwa sababu ni la mlangoni? Limekwisha chongwa. Hebu shika mtaimbo.”

Waliling'oa. Chini yake hapakuwa na mdudu hata mmoja, wala mzizi, na udongo ulikuwa mkavu kama majivu ingawa mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Wakalifunga kwenye mti, wakalichukua begani mpaka Temeke.

Baada ya habari ya kuku, ilikuja harufu. Harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, pamoja na kutu ya chuma. Chausiku aliisikia zaidi adhuhuri, jua likiwa utosini, mtaa umetulia na watu wamejilaza. Ndipo aliposikia pia komeo likisukumwa, komeo zito la chuma, kwenye mlango wake wa mbao za masanduku uliokuwa ukifungwa kwa kamba. Aliinuka kutazama. Mlango ulikuwa wazi vilevile, jua limeanguka sakafuni, na hapo mlangoni pale, upande wa kushoto, hewa ilikuwa baridi kimo cha mtu mzima.

Wageni nao wakaanza kukoma. Shangazi yake alikuja na kikapu cha mihogo, akapiga hodi, akakaribishwa, akabaki amesimama nje huku jasho likimtoka.

“Mwanangu, mie nimesahau nimefuata nini,” alisema. “Twaa mihogo yako. Naenda zangu.”

Mwishehe alipoambiwa alicheka, ingawa yeye mwenyewe kila akivuka kizingiti alikuwa akihisi kama mtu anayepapaswa mfukoni.

Siku mgomo ulipokwisha alirudi bandarini. Alipotoka alfajiri, alisikia nyuma yake sauti ya kitu kikikaa mahali pake. Adhuhuri Gaspar, ambaye siku ile hakupata zamu, alimjia gatini mbio, hana kofia.

“Twende nyumbani, bwana. Mkeo ameshikwa na uchungu, na hapana anayeweza kuingia.”

Alimkuta Apolonia nje ya nyumba, ameketi chini, nguo zake nyeupe zimejaa vumbi. Apolonia alikuwa mke wa Gaspar, mkunga aliyefunzwa misheni, mwanamke asiyetishika kwa damu wala kwa kelele. Sasa alikuwa akikisugua kiganja chake kwenye nguo.

“Nimejaribu mlangoni,” alisema kwa sauti ndogo. “Kila nikiinua mguu najikuta nimesimama barabarani, nimeupa mlango mgongo. Nikapitisha mkono dirishani, nimpe walau kitambaa auume. Kuna aliyenishika hapa.” Alionyesha kiganja. “Hakunibana. Ameurudisha mkono wangu nje taratibu, kama unavyomrudisha mtoto mahali asipotakiwa. Yesu na Maria, Mwishehe, mkono ule ulikuwa mkavu!”

Kutoka ndani Chausiku aliita. “Mume wangu! Umekuja?”

“Nipo hapa. Toka, mke wangu, jikokote uje mlangoni nikuvute.”

“Nimekuja mara ngapi! Nikifika hapo najiona niko kitandani tena. Yupo, Mwishehe. Amesimama kunipa mgongo. Ananiuliza ruhusa nimepewa na nani.”

Mwishehe alishika mtaimbo uleule, akauchomeka chini ya jiwe, akaegemea kwa nguvu zote. Jiwe lilitikisika kidogo, na papo hapo Chausiku akapiga ukelele ambao haukuwa wa uchungu wa mtoto. Apolonia alichungulia dirishani akaona damu kwenye kanga. “Acha! Acha, utamuua!” Akaacha. Akazunguka nyuma ya nyumba na jembe, akaanza kuubomoa ukuta, na udongo ulikuwa ukimeguka vizuri, fito zikikatika, hata akapata tundu la kupitisha kichwa, akakiingiza akitaraji kuona kitanda chake na mtungi wake wa maji na mkewe amelala, lakini alichokiona kilikuwa chumba kirefu cha mawe kisicho na dirisha, na ukutani, kuanzia mlangoni mpaka kwenye giza ambako macho yake hayakufika, wameketi wanawake na watoto bega kwa bega, midomo imepasuka kwa kiu, nao wakainua nyuso zao pamoja kumtazama, na mmoja aliyekuwa karibu kabisa, binti wa makamo ya kuolewa, akamnyoshea kata tupu.

Alikitoa kichwa akaanguka chali. Gaspar alimkuta anarudisha udongo kwenye tundu kwa mikono miwili, anasema, “Si nyumba yangu hiyo. Si nyumba yangu.”

Gaspar alipanda baiskeli akaenda Mtoni kumchukua Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mganga, mzaliwa wa chini ya kilima kile, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Aliteremka kwenye baiskeli jua likiwa limeanza kupinda. Walimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yako kwenye kizingiti.

“Mmelileta mpaka huku,” alisema. “Ala!”

Alitia ubani na udi kwenye chetezo, akakisogeza mlangoni. Moshi ulifika juu ya jiwe ukasimama. Ulipanda wima mbele ya uwazi ule kama uliokutana na kioo, na katikati ya moshi pakaonekana pahali pasipo na moshi, pana, penye mabega.

Watu wa mtaani waliokuwa wamekusanyika walirudi nyuma wote.

“Nisikilizeni nyie,” Bi Somoe alinong'ona. “Sefu alikuwa na wake na wajakazi na watoto. Alipokwenda bara kununua pembe aliogopa watatoroka, au wataibwa. Hakumwamini bawabu mtu. Akamleta fundi wa uganga aliyemfungia jini chini ya jiwe la lango, naye Sefu akaliamuru: asiingie mtu, asitoke mtu, mpaka mie nije nikupokee mlango. Sefu akafia njiani. Kisima cha ndani kikakauka. Bibi yangu alikuwa msichana, alisikia wakilia kule juu, na wanaume walipanda na mashoka wakajikuta wanashuka. Walilia mpaka wakanyamaza.”

“Basi lifukuze, bibi,” Mwishehe alisema. “Nitatoa mbuzi. Nitatoa chochote.”

“Utalifukuzaje lililo kazini?” Bi Somoe alichutama mbele ya jiwe. “Ewe bwana wa mlangoni. Aliyekuweka amekufa.”

Jibu lilitoka chini, karibu na ardhi, sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema. Kila aliyekuwapo aliisikia.

“Kanambia nikae hata nitakapopokewa.”

“Humo ndani mna mzazi. Watakufa wawili.”

“Na katika wale walikuwamo wazazi.”

Halafu ikasema, polepole zaidi, “Nimechoka.”

Bi Somoe aliporudi kwa Mwishehe hakumtazama usoni. Ndani, sauti ya Chausiku ilikuwa imepungua, sasa ilikuwa ni pumzi tu, na Apolonia dirishani alikuwa anamwita jina, anamwita tena, anamwambia asilale, shoga yangu usilale, nitazame mie, na adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia, na kila mtu pale alijua pasipo kuambiwa kwamba giza likiingia mlango ule hautafunguka tena.

“Linataka kupokewa,” Bi Somoe alisema. “Mtu apokee kwa hiari yake, kwa kinywa chake. Sikwambii ufanye. Nakwambia lililopo.”

“Akipokea, inakuwaje?”

“Sijui, baba. Hajapata kutokea mtu.”

Gaspar alimshika mkono. “Ngoja kwanza, bwana. Tumwite padri, tumwite shehe.”

“Nani alikwambia ushike mtaimbo?” Mwishehe alimuuliza. “Si mie?” Akautoa mkono wake polepole. Akaenda mbele ya nyumba yake, akavua kofia, akasimama karibu na jiwe kuliko mtu yeyote alivyothubutu kusimama siku ile. Midomo ilimkauka. Aliilamba mara mbili ndipo akasema, kama makuli wanavyosemezana wakipokezana gunia:

“Lete. Nimeshika mie.”

Kitu kilipumua. Moshi ulianguka chini wote kwa pamoja, ukatawanyika miguuni mwa watu, harufu ya kisima ikapita katikati yao kama mtu anayekwenda zake, na mbwa wa mtaa mzima walibweka kuifuata mpaka mtoni.

Apolonia alikuwa ameshaingia. Hakuna aliyemwona akivuka. Kulikuwa na maji yakimwagwa, kulikuwa na maneno makali ya mkunga, kisha kimya kilichowafanya wanaume wainamishe vichwa, kisha mtoto akalia. Msichana. Mama yake alikuwa hai.

Mwishehe aliyasikia yote akiwa nje. Hakuingia. Aliinama, akaling'oa jiwe kwa mikono yake mitupu, lile ambalo watu wawili walilibeba kwa mti wakipumzika kila mara, akalitia begani akaanza kwenda. Gaspar alimfuata mpaka mtoni, anamsihi. Hakugeuka.

Jiwe lilirudi mahali pake langoni, na Mwishehe akasimama ubavuni, upande wa kushoto.

Ndugu zake walikwenda kumchukua, wakajikuta chini ya kilima. Chausiku alipopata nguvu alikuwa akipanda peke yake, na yeye aliweza kufika mpaka hatua chache kutoka langoni. Alimpelekea wali, alimpelekea maji. Siku ya pili yake alikuta chakula vilevile, hata sisimizi hawakukigusa. Mumewe alikuwa hakondi wala hachafuki. Alimjua mkewe, alizungumza naye, alimuuliza habari za Gaspar na za bandarini. Lakini hakukaa chini kamwe, na macho yake yalikuwa yakimtazama yeye na njia iliyo nyuma yake kwa pamoja.

Mtoto alipofika miezi mitatu alimfunga mgongoni kwa kanga, akapanda naye. Mwishehe alimwona tangu mbali, akanyosha mkono wa kumzuia.

“Usimlete hapa.”

“Ni mwanao. Nimekuja umwone. Hata jina hujamuuliza, nimempa jina la...”

“Usinitajie!” Sauti yake ilipasuka, akawa kwa mara ya kwanza yule mumewe wa zamani, yule wa Temeke. “Chausiku, nisikilize. Sasa hivi naweza. Nasimama, nakukumbukeni, naweza. Lakini hapa hapana usingizi. Ipo siku nitachoka kama alivyochoka yule, na siku hiyo nitamwomba atakayenikaribia anipokee. Huyo ni damu yangu. Nikimwita hatakataa. Mchukue, uhame. Nenda Kimara, nenda bara, nenda mahali ambapo kilima hiki hakionekani. Wala asilijue jina la baba yake.”

Chausiku alitaka kumgusa, asiruhusiwe. Akaondoka analia, anashika matawi asiteleze, mtoto amelala fofofo mgongoni. Alikuwa amekwisha ifikia mivumo ya chini alipomsikia mumewe kule juu akiita, kwa upole, kama mtu anayejaribu tu kuona neno lina uzito gani:

“Tunu.”

Ndilo jina la mtoto, alilokuwa hajatajiwa. Chausiku hakugeuka. Alikaza mwendo. Lakini chini ya kanga alimhisi mtoto akiamka, akigeuza kichwa chake kidogo kuelekea kilimani.