Aliyeitikia Salamu

Haya yalimpata rafiki yangu Yusta wa Mlalo, na tangu anisimulie simwachi mwanangu hata nikienda bombani. Alikuwa sokoni anauza kabichi, mtoto wake Heri amelala nyumbani, dada wa kazi yuko nje anafua. Ukungu ukashuka mchana ule ule, giza likaingia, akafungua simu atazame kamera ya chumbani. Akaona mama mzee ameipa kamera mgongo, kambeba Heri, anamwimbia kwa sauti ya chini. Akajua ni mama mkwe. Mkwe hapitwi bila salamu, basi akabonyeza pa kuongelea.

“Shikamoo mama.”

Wimbo ukakatika. “Marahaba. Nimchukue?”

“Mchukue tu mama, mimi nitachelewa.”

Kuinua macho, mama mkwe huyo hapo mbele ya kabichi, na kikapu chake. “Unaongea na nani, mama Heri?”

Yusta akakimbia, simu mkononi, bado inaonyesha. Akamkuta Heri kitandani, amelala. Akamnyanyua, akambana kifuani, akamsikia anapumua. Ndipo akaitazama simu, akajiona amesimama katikati ya chumba, mikono imekumbatia hewa.