Jina la Mama Yake Safwan

Magharibi ilikuwa inaingia Harub aliposhika ndoo mbili kwenda kuwatekea farasi maji. Mvua ya wiki ile ilikuwa imelijaza bwawa la Al Khoudh mpaka likawa ziwa zima, na watu wa Muscat wakiona maji hawakaliki majumbani. Yeye na Hatem walikuwa wamepiga hema ukingoni, na farasi watatu na mbwa wawili wa kuwindia. Farasi wa Hatem, hema la Hatem, na Balqees, mchumba wa Harub, ni dada yake Hatem. Ndiyo maana Harub, mkuu wa idara mzima, ndiye aliyekuwa mteka maji.

Mbwa walimfuata wakibweka. Walipofika majini wakanyamaza.

Kukanuka karafuu maiti...

Mtu mmoja alikuwa amesimama ndani ya maji, anaogesha farasi mweusi asiye wao. Maji hayakutoa sauti. Mbwa wakatikisa mikia, wakamwendea wakilialia. Mtu akageuka.

Safwan.

Safwan aliyeanguka na farasi akafa, miaka miwili nyuma. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aliyemwosha ni Harub mwenyewe. Kovu lile la kidevuni alilimiminia maji kwa mkono wake.

"Kaka," sauti ikanong'ona. "Nimechoka... Nnatumikishwa usiku na mchana. Nishike mkono. Niite."

Harub alijua maana yake. Nani wa huko asiyejua? Wapo wafu ambao hawakufa. Wachawi huwachukua, kikazikwa kiini macho, wenyewe wakafanywa watumwa. Ukimkuta ndugu yako aliyechukuliwa, umshike, umwite kwa jina lake na la mama yake, kwa sauti, watu wasikie. Atarudi nawe nyumbani. Ukimkana, basi tena.

Na shida ilikuwa hilo jina la mama. Safwan na Harub walikuwa baba mmoja, lakini mama yake Safwan ni Nakayiza, mpishi wa nyumbani kutoka Uganda, aliyeolewa na mzee kwa siri. Mtaa mzima uliambiwa mtoto ni yatima wa kulelewa. Na akina Hatem kwa kuchimba nasaba za watu hawana mpinzani. Wangesikia, posa ingevunjika usiku ule ule.

Harub akamshika mkono. Ulikuwa baridi, lakini ulikuwa mkono, nao ukamshika kwa nguvu.

"Safwan bin..."

Nyuma yake kokoto zikalia.

"Yakhe, wazungumza na nani?" Ni Hatem.

Lilibaki neno moja tu.

"Simjui," Harub akasema, akauachia ule mkono. "Mchunga farasi tu, maskini."

Safwan hakulaumu. Aliinamisha kichwa, vile vile alivyofundishwa kufanya wageni walipokuja nyumbani. Akashika hatamu, akaelekea kwenye kina. Maji yakamfika kifuani... shingoni...

Mbwa wakaogelea nyuma yake.

Hatem aliwaita mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi wakaona matopeni nyayo za farasi zikiingia majini, na hazikutokea popote. Hatem akashikilia kwamba yule alikuwa mwizi wa mbwa. Harub akakubali, akajichukia kwa kukubali upesi namna ile.

Alipofika nyumbani, Nakayiza alikuwa jikoni, anamenya vitunguu.

"Nimemwota mtoto wangu," akasema polepole. "Amesimama kwa maji. Hukumwona huko, baba?"

Harub alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikumwona."

"Sawa." Akafuta macho kwa kiganja. "Mkataba wangu wa upishi umeisha, lakini Uganda sirudi. Ukienda huko tena, ukimwona, mwambie mama yake bado yuko hapa."

"Nitamwambia," Harub akajibu, na hakuweza kuinua uso, kwani alijua huko hakuna atakayemwita kaka tena.