Tabita na Kikombe cha Waanglikana

Mvua iliwakimbiza wote wawili hadi kibaraza kimoja cha soko la Tunduma: Tabita na robota la vitenge kichwani, Asajile na shati lililokuwa jeupe mpaka lori lilipopita dimbwini.

"Pole, kaka. Nikuuzie kitenge ujifunike?"

"Nipe namba kwanza, dada. Aibu nitaivumilia."

Akapewa. Kabla tope halijatoka shatini, walikuwa wameshaanza kuitana "mpenzi".

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kizito. Asajile alikuwa Mwanglikana wa kupiga magoti. Tabita alikuwa Mmethodisti wa kuimba mpaka bati litikisike. Mama yake Asajile, nguzo ya Umoja wa Akina Mama, alisema hakuna posa kabla hajamwona huyo Mmethodisti akisali.

Jumapili Tabita akavaa gauni la kijani, akapiga magoti kwa adabu zote. Kwao Methodisti kila muumini hupewa kikombe chake kidogo cha juisi ya zabibu, na hunywa akamaliza. Padri alipomsogezea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akanywa.

Akamaliza.

Ilikuwa divai. Na safu nzima, Mama Asajile akiwemo, ilikuwa ikingoja zamu yake. Nyuma, Asajile akacheka kwa sauti. Tabita akatoka kabla ya baraka, akazima simu.

Kesho yake Asajile akamfuata dukani kwake.

"Ulinicheka mbele ya mama yako!"

"Mpenzi, padri alikuwa anavuta kikombe, na wewe unavuta!"

"Kwa nini hukuniambia mnakunywa kimoja?"

"Nilidhani dunia nzima inakunywa hivyo."

Tabita alitaka kucheka, akajizuia. "Na mama anasemaje? Ndiyo basi tena?"

Asajile akampigia mama, akaweka sauti kubwa.

"Wewe binti," ilisema simu. "Tulibaki tumepiga magoti mpaka padri alipobariki divai nyingine. Magoti yananiuma mpaka sasa."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Tangu nizaliwe sijaona mtu akipokea kwa moyo wote namna ile. Mshenga aje kwenu lini?"

"Mama, mwanao hata hajaniuliza."

"Asajile! Muulize sasa hivi, nasikiliza."

Asajile akamgeukia Tabita. Wateja wakaacha kuchagua vitenge. "Tabita, utanikubali?"

"Nimekukubali. Lakini ndoa ifungwe kwetu, Methodisti."

Asajile akafumba macho.

"Haya," mama akasema. "Ila padri wetu naye asimame hapo mbele, na joho lake lote."

"Aje nalo, mama," Tabita akasema, akamshika Asajile mkono mbele ya wateja wote.